Damu ya mwanangu iko kwenye friza ya nani?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu jambo moja: damu na vipande vya mwili vinavyohifadhiwa kwa ajili ya utafiti. Nimechagua tatu. Kwa msomaji mgeni, mimi ni mtaalamu wa maabara mstaafu. Kazi yangu hapa Dar es Salaam ilikuwa kutunza friza za sampuli, na baadaye kukaa kwenye kamati inayopokea maombi ya watafiti wanaozitaka.

*Shikamoo mama. Mwanangu wa kike ana sikoseli. Alipokuwa na miaka sita nilisaini fomu kliniki, wakamtoa damu, wakaniambia itakayobaki itahifadhiwa kwa utafiti. Sasa yuko kidato cha nne, na Novemba anatimiza miaka 18. Juzi muuguzi kanipigia simu tufike tuzungumze kuhusu ile damu. Shemeji yangu anasema damu za watoto wetu zinauzwa Ulaya, nikienda nisikubali kitu. Nataka kujua damu hiyo iko wapi, nani anaichukua, na kama naweza kusema basi.*
*Mama wa Mbagala Rangi Tatu*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa uuguzaji wa miaka yote hiyo. Kutoka Rangi Tatu hadi kliniki na mtoto mwenye maumivu, foleni ikiwa imesimama, ni shida anayoijua aliyeipitia.

Nianze na damu ilipo. Siku ile iliingia kwenye mrija wenye kifuniko cha zambarau, ambao ndani mna dawa ya kuizuia isigande. Ikafika maabara, ikazungushwa kwenye mashine mpaka ikajitenga: juu utegili (plazma) wa manjano, katikati utando mwembamba mweupe, chini chembe nyekundu. Utando ule mweupe ndio wanaoutaka watu wa vinasaba, kwani humo ndimo inamotolewa DNA. Kila sehemu ikagawanywa kwenye vichupa vidogo, kila kimoja hakijai hata kijiko cha chai. Vikabandikwa bakodi, vikapangwa kwenye kisanduku chenye vyumba 81, tisa kwa tisa, kisha vikaingia kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Kwenye kichupa hakuna jina la mwanao. Kuna namba tu. Orodha inayounganisha namba na jina hukaa kwingine chini ya ufunguo, na anayefungua friza hatakiwi kuwa ndiye anayeishika orodha. Nimeshika vichupa vya watoto wengi sana bila kumjua hata mmoja, na ndivyo inavyotakiwa.

Nani anaichukua? Mtafiti hafiki kwenye friza. Huandika ombi: swali lake ni lipi, anahitaji sampuli ngapi, kiasi gani, atazipima wapi, na nani anamlipia. Kamati ya maadili inalisoma kwanza, kisha kamati ya hifadhi ya sampuli yenyewe. Hapo ndipo fomu uliyosaini inapotolewa kabatini. Kama uliridhia utafiti wa sikoseli peke yake, mtafiti wa kisukari harudi na kitu. Kama uliridhia utafiti wa afya kwa ujumla, mlango ni mpana zaidi, lakini bado kila ombi linapimwa peke yake. Akikubaliwa anapewa vichupa vyenye namba mpya, na anasaini kwamba hatajaribu kumtafuta mwenye damu wala kumpa mtu mwingine vichupa hivyo.

Sasa uone kilichopatikana kwa damu za namna hii. Unajua watoto wenye sikoseli hawaumwi sawasawa. Wapo wanaolazwa kila mara, na wapo wanaopita mwaka bila kulazwa. Sehemu ya sababu ni himoglobini ya kichanga, ile ambayo mtoto anakuwa nayo tumboni. Baada ya kuzaliwa mwili huizima taratibu, na ambaye kwake inabaki nyingi huumwa kwa nafuu. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walilinganisha vinasaba vya watu wengi, wakiwemo wa Uingereza na wa kisiwa cha Sardinia kule Italia, wakakuta kinasaba kinachohusika na kule kuzima. Kinaitwa BCL11A. Mwaka 2014 yakachapishwa matokeo ya hapa kwetu: sampuli za wagonjwa zaidi ya 1,000 waliokuwa wakifuatiliwa Muhimbili zilionyesha kuwa kinasaba hicho kinafanya kazi hiyo hiyo kwa Watanzania. Novemba 2023 Uingereza ikaidhinisha tiba iitwayo Casgevy, ambayo hurekebisha chembe za mgonjwa mwenyewe mahali hapo hapo ili himoglobini ya kichanga irudi.

Bei ya tiba hiyo Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Naiandika hapa kwa uchungu, kwa sababu wagonjwa wetu ni miongoni mwa walioonyesha kwamba kinasaba kile ni kile kile kwa watu wote. Ndiyo maana kwenye kamati nilikuwa naing'ang'ania ile sehemu ya ombi inayosema washiriki watanufaikaje. Mtafiti aliyeandika "matokeo yatachapishwa kwenye jarida" nilimrudishia. Mama wa Mbagala hasomi jarida. Arudi kliniki, aite wazazi, awaeleze kwa Kiswahili alichokipata.

Shemeji yako hakuzua tu. Yametokea mambo mabaya mahali pengine, na watu wanayakumbuka. Kule Arizona, Marekani, watu wa kabila la Havasupai walitoa damu miaka ya 1990 wakiambiwa ni kwa ajili ya kisukari, ugonjwa uliowaandama. Baadaye wakagundua kuwa imetumika pia kwenye utafiti wa maradhi ya akili na wa asili ya kabila lao, mambo ambayo wao hawakuyaelewa hivyo walipotoa. Wakashtaki, na mwaka 2010 wakalipwa dola 700,000 na kurudishiwa sampuli zao. Kesi ile imebadilisha namna fomu za ridhaa zinavyoandikwa sehemu nyingi.

Hapa kwetu sampuli haiondoki nchini kwa kubebwa tu kwenye mkoba. Unatakiwa mkataba wa kuhamisha sampuli, unaosainiwa na anayetoa na anayepokea, na kupitishwa na NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mkataba unataja idadi, kipimo kitakachofanywa, na masalio yatakwenda wapi. Mtafiti wa kigeni anahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, kule Kijitonyama. Na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inaziweka taarifa za vinasaba na za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo kama damu ya mwanao ilikwenda nje, pana karatasi, na una haki ya kuuliza juu ya karatasi hiyo.

Lakini fedha zipo, sitakuficha. Hifadhi nyingi hutoza ada ya kufidia umeme, vichupa na mishahara, na zipo zinazoruhusu kampuni za dawa kuomba kama wengine. Anayekuambia hakuna anayefaidika hakutendei haki. Muulize muuguzi swali hilo waziwazi: je, kampuni zinaruhusiwa?

Sasa hilo la kusema basi. Unaweza, ila angalia tarehe. Wewe ulisaini kwa niaba ya mtoto. Novemba mwanao ni mtu mzima, na miongozo ya kimataifa ya maadili ya utafiti inataka aulizwe yeye mwenyewe afikapo umri huo. Nadhani simu ile ni ya jambo hilo, na kama ni hivyo, hao wanafanya kazi yao vizuri. Mpeleke. Mwache aulize kwa kinywa chake. Huyu ni binti aliyechomwa sindano maisha yake yote, anayajua maumivu yake kuliko mimi na wewe.

Akikataa, vichupa vilivyobaki vinatolewa na kuteketezwa, na walioshapewa masalio wanaandikiwa waache kuyatumia. Kisichowezekana ni kukitoa kilichokwisha kupimwa na kuchapishwa, maana pale namba yake imeshachanganywa na za mamia ya wengine. Anaweza pia kukataa nusu: damu iendelee kutumika lakini asipigiwe tena simu, au kilichopo kitumike na kipya kisiongezwe. Waombe wamsomee njia hizo moja moja. Matibabu yake hayaguswi kwa jibu lolote atakalotoa. Mtu akimwambia vinginevyo kliniki, hiyo ni kosa, na jina la kamati ya maadili na namba yake ya simu vipo chini kabisa ya nakala ya fomu yako. Kama nakala imepotea, ombeni nyingine kabla hamjakaa kuzungumza.

*Mama, marehemu baba alifanyiwa upasuaji wa tezi dume na kipande kikapelekwa maabara. Je, bado kipo? Na watafiti wanaweza kukitumia bila sisi watoto kuambiwa?*
*Msomaji wa Tegeta*

Kuna uwezekano mkubwa kipo. Vipande hivyo huwekwa kwenye dawa, kisha hugandishwa ndani ya nta, kipande kikawa kama kete ndogo ya kukaa kabatini kwa joto la kawaida kwa miaka mingi. Hakihitaji friza. Kwanza kabisa kilihifadhiwa kwa ajili ya matibabu, na ninyi kama familia mnaweza kuomba kitazamwe upya, hasa ikiwa daktari wa mmoja wenu ana wasiwasi wa ugonjwa wa kurithi.

Kuhusu watafiti, kamati ya maadili inaweza kuruhusu masalio ya matibabu yatumike bila kumfuata kila mtu, mradi majina yameondolewa, hatari ni ndogo, na kuwatafuta wahusika wote hakuwezekani. Mimi naona ni ruhusa ya haki kwa vipande vya zamani. Kwa wagonjwa wa leo ningetaka waulizwe siku ya upasuaji, kwa sentensi mbili, mgonjwa akiwa bado hajavaa gauni.

*Shikamoo mama. Nasoma shahada ya uzamili hapa Dar. Nataka kupima feritini kwa wagonjwa wa sikoseli nione akiba yao ya madini ya chuma. Niliomba hifadhi moja mililita 1 ya utegili kutoka kwa wagonjwa 400, wakanikatalia bila maelezo mengi. Msimamizi wangu anasema nijaribu UK Biobank, hifadhi ya Uingereza, au H3Africa, mpango wa utafiti wa vinasaba barani Afrika. Je, huko nitapewa? Na kwa nini hawa wa nyumbani wamekataa?*
*Mwanafunzi, Upanga*

Marahaba kijana. Swali lako la utafiti ni zuri, maana wagonjwa wanaoongezewa damu mara kwa mara hurundika madini ya chuma mwilini na wengine hawajulikani mpaka ini liumie. Nataka upate jibu lake. Ila ombi lako hata mimi ningelikataa, na nitakueleza kwa nini, kwa kuwa waliokukatalia walipaswa kukueleza.

Tazama hesabu. Kichupa cha utegili mara nyingi kina nusu mililita. Wewe umeomba mililita 1, yaani vichupa viwili kwa kila mgonjwa, na huenda mgonjwa huyo ana vitatu tu duniani. Kipimo cha feritini unachokitaja kinatumia mikrolita chache. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi la vitendanishi: tuseme ni mikrolita 50, ukipima mara mbili kwa uhakika ni 100, ukaongeza kidogo ya kubaki kwenye ncha ya pipeti, unafika 150. Umeomba zaidi ya mara sita ya unachohitaji. Mjumbe wa kamati akiona hivyo anajua mwombaji hajakaa na fundi wa maabara.

Na hicho kichupa hakitolewi hivi hivi. Kufungua friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri katika joto la Dar la Februari ni kazi ya haraka: glavu nene, ukungu unakufunika uso, kisanduku kinawekwa juu ya barafu kavu, unasoma bakodi, unatoa, unafunga, na kengele ya friza inalia ukichelewa. Utegili ukiyeyuka na kugandishwa tena, baadhi ya vilivyomo huharibika. Ndiyo sababu kila kuyeyusha kunaandikwa. Mtafiti wa mwaka 2035 atakayetaka kupima kitu ambacho leo hatujui kukipima, atakuta kichupa chako kimeshaandikwa "mara tatu", na atakiacha.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya data na damu, na natamani vyuo vyetu vingeifundisha mapema. Data ni kama tangazo ubaoni: wakisoma mia, maandishi hayapungui. Damu inaisha. Kwa hiyo anza na data. Kila hifadhi nzuri ina orodha ya vipimo vilivyokwisha kufanywa, pamoja na mwaka na mashine iliyotumika. Iombe orodha hiyo kwanza, maana kuiona hakuhitaji kuguswa kwa mgonjwa yeyote. Inawezekana kabisa feritini ilishapimwa kwa sehemu ya wagonjwa hao wakati wa kliniki, na wewe unachohitaji ni takwimu tu, au sampuli za wachache waliokosekana.

Hao wa UK Biobank wamejenga kazi yao juu ya jambo hili. Waliandikisha watu wapatao 500,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 69 kati ya mwaka 2006 na 2010, na wakafungulia watafiti milango mwaka 2012. Badala ya kumgawia kila mwombaji tone lake, wanapendelea kupima mara moja kwa watu wengi, halafu matokeo yanawekwa pamoja ili watumie wote. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya protini karibu 3,000 zilizopimwa kwa watu zaidi ya 54,000. Kampuni za dawa ndizo zilizolipia, zikapewa muda mfupi wa kuyatumia kwanza, kisha yakafunguliwa kwa watafiti wengine. Mwaka huo huo wakatoa usomaji kamili wa vinasaba vya karibu washiriki wote. Anayeomba data anajisajili, anaandika ombi lenye manufaa kwa afya ya umma, chuo chake kinasaini mkataba, analipa ada ambayo wanafunzi na watafiti wa nchi zenye kipato kidogo wanapunguziwa, na kazi yote anaifanya ndani ya kompyuta zao kwa njia ya mtandao. Data ya mtu mmoja mmoja haipakuliwi kwenye laptopu yako. Sampuli zenyewe ni mlango mwembamba zaidi, na wanakuuliza kwanza swali lile lile: je, data haitoshi?

Lakini kwa swali lako pale hapakufai. Zaidi ya asilimia 90 ya washiriki wao ni wenye asili ya Kizungu, na watu wa makamo waliojitolea wakiwa wazima. Wagonjwa wa sikoseli utawahesabu kwa shida. Ukubwa wa hifadhi usikuvute kama waliomo siyo wagonjwa wako.

H3Africa iko karibu zaidi na wewe. Mpango huo, uliofadhiliwa na taasisi za afya za Marekani na mfuko wa Wellcome wa Uingereza, ulifikia mwisho mwaka 2022, lakini ulichokusanya kipo. Sampuli ziliwekwa kwenye hifadhi tatu barani: Uganda, Nigeria na Afrika Kusini. Data za vinasaba zimewekwa kwenye ghala la Ulaya liitwalo EGA, na anayezitaka anapeleka ombi kwa kamati moja inayosimamia data na sampuli zote. Wakaweka kanuni ya kuwapa waliokusanya muda wa kuandika kwanza kabla wengine hawajafunguliwa. Naiunga mkono kanuni hiyo kwa moyo wote. Nimeona muuguzi na fundi wa hapa wakihangaika na vichupa usiku wa manane umeme umekatika na jenereta haiwaki, halafu jina la kwanza kwenye makala likawa la mtu ambaye hajawahi kufika Ubungo.

Mahali pa kwanza pa kubisha, hata hivyo, ni nyumbani kwako Upanga. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ndiko kitovu cha uratibu wa SPARCO, sehemu ya mtandao wa utafiti wa sikoseli uitwao SickleInAfrica, ulioanza mwaka 2017 ukiwa na Tanzania, Ghana na Nigeria. Rejesta ya wagonjwa wao inafanana na swali lako kuliko kitu chochote kilichoko Uingereza. Mtafute msimamizi wa data kwanza, Mtafiti Mkuu baadaye, kwani msimamizi wa data ndiye atakayekuambia ukweli kuhusu kilichopo na kilichokosekana.

Ukirudi kwa waliokukatalia, andika upya hivi. Swali liwe moja. Eleza kwamba umeona orodha ya vipimo na feritini imepimwa kwa wangapi. Omba mikrolita 150, na useme uko radhi kupokea kutoka kichupa kilichokwisha kuyeyushwa mara moja, maana feritini huvumilia kuliko protini nyingine nyingi. Ambatisha karatasi ya kipimo inayosema hivyo. Idadi usiiandike 400 kwa kuwa ni namba nzuri, bali onyesha hesabu ya mtakwimu iliyokufikisha hapo. Weka kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako. Kama vipimo vitafanyika nje ya nchi, mpango wa mkataba wa kuhamisha sampuli uwe tayari, ila kwa feritini sioni sababu, mashine zipo hapa mjini.

Kisha andika aya moja ya utakachofanya ukikuta mgonjwa ambaye feritini yake iko juu sana. Hii kamati wataitafuta, na wanafunzi wengi wanaisahau. Wewe utakuwa na namba bila jina. Hutaweza kumpigia simu, wala hutakiwi. Lakini unaweza kukubaliana na hifadhi mapema kwamba namba ya aina hiyo inapelekwa kwa mshika orodha ndani ya siku kadhaa, naye anampelekea daktari wa kliniki, ili mgonjwa aitwe na apimwe upya kwa sampuli mpya. Angalia kwanza kama fomu ya ridhaa iliruhusu mgonjwa arudishiwe majibu. Kama haikuruhusu, uliza kamati ya maadili kabla hujapima hata sampuli moja.

Na matokeo yako yote, mazuri na yasiyo na kitu, yarudishe kwenye hifadhi yakiwa na namba zile zile ulizopewa, pamoja na jina la mashine na tarehe. Atakayekuja nyuma yako kuuliza feritini atayakuta, na friza haitafunguliwa.